Fyuzi ya Kijani

Mafia hakuna ukungu wa kumshinda dereva. Ukungu uko Kitonga, malori yanapopanda kwenda Iringa huku utingo ametoa kichwa dirishani akitafuta ukingo wa barabara. Uko Njombe na Mbeya, uko Lushoto miezi ya baridi, na kwa majirani uko Limuru na Kabale. Kisiwani, penye bahari ya joto pande zote, hauna pa kukaa. Kinachomfumba macho dereva wa Mafia ni vitu vingine: mvua ya masika inayoshuka bila kupumua, vumbi la njia ya kaskazini miezi ya kiangazi, na giza la minazi ambamo hutokea ghafla baiskeli isiyo na taa, imepakia madumu mawili, na mwenyewe kavaa shati jeusi. Masika ya 2024 yaliongezewa Kimbunga Hidaya, kilichofika Mafia tarehe 4 Mei. Mwaka kama huo nani atamlaumu mtu kwa kutaka mwanga zaidi?

Mwenye pikapu wa funzo hili ni mtu wa mfano, asitafutwe Kilindoni. Nyaya alizofungiwa ndizo zisizo za mfano. Inama chini ya bampa za magari ya pwani hii, kuanzia Tanga hadi Mtwara, hutakosa kuziona.

Tuseme alikuwa na Hilux ya zamani, iliyokwisha kuzeekea Japani kabla ya kuja kuzeekea huku. Alibeba abiria na mizigo kutoka Kilindoni kwenda Kirongwe, Kanga hadi Bweni, na kurudi na nazi, pweza wakavu, na wagonjwa pale inapobidi. Taa zake kubwa zilikuwa zimepauka, plastiki ya mbele imegeuka njano kwa jua la miaka. Hilo litahitaji kurudiwa, maana yeye hakuliona. Alichoona ni matundu mawili kwenye bampa, yenye vifuniko vyeusi, ambayo kwenye magari ya wenzake yalikuwa na taa.

Alipokwenda Dar akapita Gerezani. Pale taa za ukungu huuzwa kwa namna mbili. Kuna boksi lenye kila kitu: taa mbili, nyaya nene zilizokwisha kufungwa pamoja, rilei, kishikio cha fyuzi, na swichi. Na kuna taa zenyewe tu, kila moja na vipande viwili vya waya vinavyoning'inia nyuma, kimoja chekundu na kimoja cheusi. Za namna ya pili bei yake ni nusu, wakati mwingine chini ya nusu. Akauliza tofauti. Muuzaji akamjibu kwa maneno matatu ambayo ningetamani yaandikwe kwenye orodha ya vyanzo vya moto: "Fundi wako atajua."

Taa zikasafiri kwa basi hadi Nyamisati, zikavuka kwa MV Kilindoni, na asubuhi iliyofuata ziko mikononi mwa fundi umeme aliyekaa chini ya mkungu jirani na soko, kijana mwepesi wa mikono, mwenye koleo moja na tepu nyeusi.

"Fundi, nataka nikiwasha taa ndogo na hizi ziwake. Sitaki kujaza swichi kwenye dashibodi."

"Hilo dogo. Umekuja na rilei?"

"Rilei ya nini, kaka? Si taa mbili tu hizi!"

"Haya, zitakula humohumo kwenye taa ndogo. Elfu kumi na tano, jioni unaondoka nayo."

Nataka tusimame hapo kidogo, kwa sababu watu wakisimulia visa vya namna hii humtwika fundi lawama zote. Fundi huyu aliuliza swali sahihi. Kosa lake ni kwamba alikubali kuliuza kwa elfu kumi na tano. Na mwenye gari, ambaye angeweza kusikia neno rilei na kuuliza ni kitu gani, alilisikia akadhani anaongezewa bei.

Jioni taa ziliwaka. Ziliwaka vizuri sana, na hilo ndilo baya lake: bomba bovu la maji huvuja siku hiyohiyo ukaona, waya mbovu wa umeme hufanya kazi. Abiria walisifu. Yeye mwenyewe alizunguka mbele ya gari akaziangalia, akapiga picha.

Sasa hesabu ambayo hakuna aliyeipiga chini ya mkungu. Kila taa ilikuwa ya wati 55. Mbili ni wati 110. Gari ni la volti 12. Gawanya 110 kwa 12, unapata ampea 9 na ushee. Taa ndogo za gari, yaani mbili za mbele, mbili za nyuma, ya kibao cha namba na zile zinazomulika dashibodi, kwa pamoja hula kama ampea 3. Kiwanda kilizipa njia yake: waya mwembamba, usiofika milimita moja ya mraba, na fyuzi ya ampea 10. Waya huo ulikuwa na nafasi ya kutosha. Siku ile ukaambiwa ubebe 12.

Wengi hudhani fyuzi ya 10 hukatika pale pale umeme unapofika 10 na nukta. Haiko hivyo. Kauzi kake ka ndani huhitaji kupata moto kwanza. Ikipitishwa mara mbili au tatu ya kiwango chake hukatika papo hapo. Ikizidishiwa kidogo tu, 12 juu ya 10, inaweza kuvumilia dakika nyingi, hata saa. Ndiyo maana pikapu ilitoka Kilindoni ikiwaka, ikapita viunga vya mji ikiwaka, na ilipokaribia Kirongwe, usiku, na abiria nyuma, zikazimika. Hazikuzimika za ukungu peke yake. Zilizimika za nyuma pia, na mwanga wa dashibodi, kwa kuwa zote zilikuwa njia moja. Taa kubwa zilibaki, kwa hiyo dereva aliendelea kuona mbele na hakujua kwamba kwa anayekuja nyuma yake gari halipo. Bodaboda aliyekuwa anamfuata alilijua hilo kwa kulikaribia bodi, akakwepea majanini, akatukana, akaenda zake.

Nimeona watu wakihesabu hasara ya waya mbaya kwa moto tu. Mimi ningeanza na hili la taa za nyuma. Gari lililoungua husimuliwa na kila mtu. Gari lililogongwa nyuma usiku kwa kukosa taa huambiwa ni ajali tu.

Kesho yake akanunua fyuzi nyingine ya 10. Ikakatika. Akaenda dukani akaeleza shida, na mwenye duka, mtu mwema, akampa dawa anayopewa kila mtu. Fyuzi za bapa zina rangi zake, na rangi hizo ni zilezile kokote uendako: nyekundu ni 10, bluu ni 15, njano ni 20, kijani ni 30. Alipewa ya kijani. "Hii haikatiki," akaambiwa. Na kweli haikukatika.

Fyuzi haikuwekwa kuilinda taa. Taa ikiungua imeungua, utanunua balbu. Fyuzi huulinda waya, hasa ule usioonekana, uliopita nyuma ya dashibodi ukiwa umefungwa pamoja na wenzake ishirini. Kiwanda hupima unene wa waya kisha huchagua fyuzi itakayokatika kabla waya haujapata moto wa kuyeyusha ganda lake. Ukiweka 30 mahali pa 10, kinachofuata kwa udhaifu ndicho kitakachokatika, na hicho ni waya wenyewe, au kiungo cha tepu, au mdomo wa swichi ndani ya usukani, ambao nao ulitengenezwa kwa ampea chache tu.

Na joto la waya halipandi sawasawa na umeme. Umeme ukizidi mara mbili, joto huzidi mara nne. Kutoka ampea 3 kwenda 12 ni mara nne; joto likawa mara kumi na sita. Waya ulio wazi hupoa kwa upepo. Uliobanwa katikati ya fungu hauna pa kulitoa joto lake, unawapa jirani zake.

Labda gari lingedumu hivyo miaka. Yapo yanayodumu. Lakini hii ni Mafia, na kazi aliyoianza fundi humaliziwa na chumvi. Pikapu ilishuka ufukweni kuchukua samaki, ilisimama gatini, ilipita madimbwi ya njia ya kaskazini yaliyojaa hadi kwenye bampa. Viungo viwili vya waya vilikuwa hukohuko chini, vimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu. Gundi ya tepu huyeyuka kwa joto la kwetu, ncha ikafunguka, unyevu wa chumvi ukaingia. Shaba iliyoonja chumvi hugeuka kijani, na ule ukijani hutambaa chini ya ganda la waya mahali usipouona. Ethi nayo, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia mwili wa gari, ilifungwa kwenye bati la bampa lililopakwa rangi, kwa skrubu moja. Rangi haipitishi umeme. Skrubu ilikwaruza kidogo ikapata, kutu ikaja ikaziba pale ilipokwaruza.

Taa zikaanza kufifia, moja zaidi ya nyingine.

Hapa palihitajika kipimo cha volti na dakika tano. Balbu ya aina hii ni nyepesi kuonewa: ikipungukiwa na sehemu moja ya kumi ya volti zake, mwanga hupungua karibu sehemu tatu za kumi. Jamaa yetu taa zake hazikuwa na upungufu wa balbu, zilikuwa hazifikiwi na umeme. Lakini jicho linaona taa hafifu, na dukani kuna balbu za wati 100. Akanunua mbili. Zikawaka kuliko za awali kabla hazijafifia. Njia ileile, iliyozoea ampea 3, sasa ikipata mguso mzuri iliweza kupitisha karibu 20. Fyuzi ya kijani ikakaa kimya, kwa kuwa 20 iko mbali na 30.

Alikuwa na mjomba wake, fundi wa mashine za boti, mtu ambaye maisha yake yote amepigana na chumvi na anajua namna inavyoingia. Siku moja mjomba alipanda mbele, kutoka gatini hadi sokoni, safari ya dakika chache.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona gari yako inanuka?"

"Joto hilo, mjomba. Si unaona mwezi wenyewe."

"Joto halinuki plastiki. Simama nione."

Akafungua kifuniko cha fyuzi chini ya dashibodi, akavaa miwani, akasoma karatasi iliyobandikwa upande wa ndani. Watu wachache sana huisoma karatasi ile, nayo ipo karibu kwenye kila gari.

"Hapa pameandikwa kumi. Wewe umeweka thelathini."

"Ya kumi ilikuwa inakatika kila siku."

"Jahazi likizama hadi ubavuni, nahodha hupunguza shehena. Wewe umepaka rangi ubavu ili usione maji yalipofika." Akashika fungu la nyaya nyuma ya usukani, akautoa mkono haraka. "Tena ya moto. Mwanangu, zitoe taa hizi leo. Nitakutafutia rilei."

"Kesho, mjomba. Leo nina abiria wa Bweni, wamekwisha lipa."

Wala sidhani alimdanganya mjomba wake. Alikusudia kweli kuzitoa. Kwa mtu wa biashara ya abiria, siku ya kulilaza gari ni siku ambayo nyumbani panauliza, na kitu ambacho bado kinawaka hakimlazimishi mtu kukitengeneza.

Mvua iliwakuta baada ya Kirongwe. Akawasha kila kilichowaka. Njia ilikuwa imegeuka tope, gari likienda kwa gia ya pili, abiria wa nyuma wamejifunika turubai. Kwanza zikaja dalili ndogo: mwanga wa dashibodi ukawa unapepesa, kisha harufu ileile, kisha moshi mwembamba mweupe ukipanda kutoka shimo la usukani. Moshi wa ganda la waya una ukali wake, unachoma koo na macho kwa sababu ndani yake mna gesi ya asidi; aliyeuvuta mara moja hausahau. Akasimamisha gari. Akazima injini akachomoa ufunguo.

Taa zikaendelea kuwaka.

Hilo lilimchanganya kuliko moshi. Lakini ndivyo ilivyo: taa ndogo, katika magari mengi, hazipiti kwenye ufunguo. Zinatoka kwenye betri moja kwa moja, ili mtu aliyeharibikiwa njiani aweze kuacha gari limezimwa na bado lionekane. Aliyeunga taa zake za ukungu kwenye njia hiyo ameziunga kwenye umeme ambao ufunguo hauuzimi. Akavuta kijiti cha taa kwenye usukani. Kikawa laini mkononi, kimeyeyuka ndani, hakikukata kitu. Nyuma ya dashibodi waya ukavua ganda ukagusa chuma, na hapo, baada ya miezi yote ile, fyuzi ya kijani ikakatika. Ilikatika kwa haki kabisa. Ila moto ulikwisha shika sponji ya chini ya dashibodi, nao hauhitaji betri.

Abiria waliruka topeni. Aliyeokoa gari lisiteketee lote ni mama mmoja aliyekuwa anarudi Kanga na mzigo wake. Alichota mchanga mbichi wa pembeni kwa beseni akaumwagia mlangoni, akachota tena, wengine wakamwiga. Kijana mmoja akataka kuinua boneti juu kabisa. Mwenzake akamzuia, na alikuwa na hekima, kwa kuwa kama moto ungekuwa umefika kule mbele, kufungua wazi ni kuupa hewa. Waliinyanyua kidogo, wakachungulia, hamna moto, ndipo wakaifungua na kulegeza kichwa cha betri. Spana namba 10. Walipata ya kuazima kwa mwenye bodaboda, kwa sababu ya kwake dereva ilikuwa nyumbani.

Hakuna aliyeungua. Pikapu ilivutwa kwa kamba hadi Kirongwe mvua ilipopungua. Dashibodi yote, usukani, kiti cha dereva upande mmoja, na wayaringi nzima ya mbele vilikuwa vimekwisha. Bima yake ilikuwa ile ndogo, inayomlipa mtu uliyemgonga. Gari lako likiungua lenyewe haikuhusu. Wayaringi ya mtumba ilitafutwa Gerezani, ikasubiri kivuko, ikakuta tofauti ya mwaka na viunganishi visivyooana, ikakatwa, ikaungwa. Kwa muda wote huo hapakuwa na safari ya Bweni.

Gari lilipopona, mjomba ndiye aliyefunga taa upya. Alianza kwa kukataa zile za zamani, akataka mwenye gari anunue boksi zima. Nitaeleza alivyofanya kwa urefu kidogo, kwa kuwa si jambo la siri na halihitaji karakana ya mjini.

Umeme wa taa aliutoa kwenye betri yenyewe, si kwenye waya wa jirani. Kishikio cha fyuzi alikiweka shubiri moja tu kutoka kwenye betri, akatia ya bluu, 15. Wengine huiweka fyuzi karibu na taa, wakiamini inalinda taa. Basi mita nzima za waya kati ya betri na fyuzi hubaki bila mlinzi, na hizo ndizo zinazopita juu ya chuma chenye kingo. Kutoka kwenye fyuzi waya ulikwenda kwenye rilei. Rilei ni swichi inayosukumwa na sumaku: umeme mdogo unaingia upande mmoja, unaivuta sumaku, sumaku inafunga njia ya umeme mkubwa upande wa pili. Pini zake ni nne na zina namba, 30, 85, 86 na 87, namba zilizotoka katika viwango vya Ujerumani na leo zimeandikwa chini ya rilei za karibu kila nchi. Ya 30 inapokea kutoka betri. Ya 87 inapeleka kwenye taa. Ya 85 na 86 ndizo za sumaku: moja aliipatia umeme kwenye ileile njia ya taa ndogo, nyingine akaipitisha kwenye swichi yake peke yake kisha ethi. Kwa hiyo mwenye gari alipata alichokitaka tangu awali, taa zinazokubali kuwaka pale tu taa ndogo zimewashwa, ila safari hii njia ya taa ndogo ilibebeshwa sumaku peke yake, ambayo haili hata robo ampea.

Nyaya za taa zilikuwa za milimita 2.5 za mraba. Kwa umeme wa ampea 9 na urefu wa mita tatu, waya wa namna hiyo hupoteza chini ya robo volti. Wa nusu milimita hupoteza karibu volti nzima, na tumeshaona volti moja inavyoula mwanga. Kabla ya kutumia waya wowote mjomba aliukwaruza kwa kisu. Siku hizi zipo nyaya nene za kuvutia ambazo ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Ukikwaruza, ule wekundu unatoka na weupe unabaki. Alumini hupitisha umeme kwa shida zaidi, na kwa chumvi ya Mafia haina maisha.

Viungo alivitia risasi, akavika mpira unaosinyaa kwa moto, na ndani ya kila soketi akapaka grisi. Waya unaopita kwenye bati la kutenga injini na dereva aliutilia raba kwenye tundu, kwa sababu bati hilo, gari likitikisika njia ya Bweni, hukata ganda taratibu. Ethi aliirudisha kwenye chuma kilichosuguliwa hadi kikang'aa, akakaza kwa boliti, kisha juu yake akapaka grisi na rangi. Kwanza mguso, rangi baadaye. Yule wa kwanza alikuwa amegeuza.

Kazi ilimalizikia ukutani. Gari liliwekwa mahali pa tambarare, mita saba na nusu hivi kutoka kwenye ukuta, na taa zikainamishwa mpaka mstari wa juu wa mwanga ukawa kama sentimita 10 chini ya kimo cha taa zenyewe. Taa ya ukungu ina mwanga mpana na mfupi, uliokatwa juu, na imewekwa chini makusudi: matone ya ukungu, au ya mvua, au chembe za vumbi, yakimulikwa kutoka juu humrudishia dereva mwanga machoni. Ukiinyanyua ili ione mbali umeifanya taa kubwa mbovu, na kwenye lami ya Kilindoni hadi Utende, wanakopita watu kwa miguu usiku, umewapofusha wote.

Swali la rangi huulizwa kila mara, njano au nyeupe. Ufaransa iliwalazimisha madereva wake kutumia taa za njano tangu miaka ya 1930 hadi 1993, na bado mabishano hayajaisha. Matone ya ukungu ni makubwa mno kwa mawimbi ya mwanga. Huzitawanya rangi karibu sawasawa. Njano huwapumzisha macho baadhi ya watu. Zaidi ya hapo, mtu achague anayoipenda.

Na zile taa kubwa zilizopauka? Mjomba alizisugua kwa msasa wa maji, wa kukwaruza kisha mwororo, akazing'arisha kwa dawa ya kung'arishia. Ilikuwa kazi ya mchana mmoja. Mwanga uliopatikana hapo, kwa maoni yangu, ulikuwa mkubwa kuliko wa taa za ukungu zote, za mwanzo na za mwisho, na kama ungepatikana mapema huenda safari ya Gerezani isingekuwapo. Taa ya ukungu haioni mbali. Inamulika mita chache za mbele kwa ukali, jicho linazoea ukali huo, na kule mbali, kwenye baiskeli ya mtu mwenye shati jeusi, giza linaonekana nene zaidi. Ni taa ya kwendea polepole. Anayeiwasha ili akimbie ameielewa kinyume.

Fundi wa chini ya mkungu naye alibadilika, kwa kiasi chake. Ana kopo la rilei sasa. Mteja akija na taa mbili zenye vipande vya waya, humtajia bei mbili, ya rilei na isiyo ya rilei, na humweleza tofauti kwa sauti ili waliokaa kwenye benchi wasikie pia. Mteja akisisitiza isiyo ya rilei, humfungia, lakini hukataa kugusa fyuzi. Ikikatika, mteja akatafute kwingine.

Juzi amekuja mmoja na Noah nyeupe, akasikiliza bei zote mbili hadi mwisho.

"Sasa fundi, mbona mwenzako kule juu ananifungia kwa elfu kumi?"

"Anaweka fyuzi gani?"

"Hiyo sijui, kaka. Nitamwuliza."

Noah ile imeonekana barabara ya Utende, saa saba mchana, jua kali, taa zote mbili zinawaka.